Bekereli Katika Glasi: Mwongozo wa Kupima Unururifu wa Asili wa Juisi za Matunda

Lita moja ya juisi halisi ya machungwa ina unururifu wa takribani bekereli 60. Yaani kila sekunde inayopita, viini vya atomu 60 hivi ndani ya lita hiyo humeguka na kutoa mionzi. Ukimpa mtu namba hiyo peke yake, ataimwaga juisi. Ukimweleza imetoka wapi na inafanya nini mwilini, ataimaliza glasi yake kwa amani.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa fizikia anayeandaa tasnifu, mtengenezaji wa juisi anayetakiwa kupeleka bidhaa yake maabara, afisa afya wa wilaya, na mzazi aliyesoma habari ya kutisha kuhusu "juisi zenye mionzi". Msimamo wake ni mmoja: namba ya unururifu haina maana mpaka itaje isotopi, kiasi kinachonywewa kwa mwaka, na umri wa mnywaji.

1. Jua unachokitafuta

Karibu unururifu wote wa juisi hutokana na potasiamu-40. Mmea hauwezi kuishi bila potasiamu, na katika potasiamu yote iliyopo duniani, asilimia 0.0117 ni isotopi hii yenye nusu-maisha ya miaka bilioni 1.25. Haikuletwa na kiwanda wala bomu. Ilikuwamo tangu Dunia ilipoumbika. Gramu moja ya potasiamu hutoa takribani bekereli 31, iwe ya embe la Tanga au ya tufaha la Afrika Kusini. Kwa hiyo ukijua potasiamu ya juisi, umekwisha kukadiria sehemu kubwa ya unururifu wake hata kabla ya kuwasha mashine:

- Juisi ya tufaha: potasiamu gramu 1 kwa lita, bekereli 31 hivi.
- Juisi ya nanasi: gramu 1.3 kwa lita, bekereli 40 hivi.
- Juisi ya machungwa: gramu 2 kwa lita, bekereli 62 hivi.
- Maji ya dafu: gramu 2.5 kwa lita, bekereli 78 hivi.
- Juisi ya pasheni isiyochanganywa na maji: gramu 2.8 kwa lita, bekereli 87 hivi.

Hizi ni namba za wastani. Aina ya tunda, udongo na ukomavu huzibadilisha. Kuchanganya maji huzibadilisha zaidi. Nyama ya ukwaju ina potasiamu gramu 6 hivi kwa kilo, lakini gramu 100 za nyama hiyo zikikorogwa katika lita ya maji, kinywaji kinabaki na bekereli 20 hivi. Ndiyo maana ripoti lazima iseme kama kilichopimwa ni juisi halisi, nekta, au kinywaji chenye ladha ya tunda.

Kundi la pili ni watoto wa urani-238 na thoriamu-232, yaani isotopi zinazozaliwa viini vyake vinapomeguka: radiamu-226, radiamu-228, risasi-210 na poloniamu-210. Hizi hutoka kwenye miamba na udongo, na katika juisi huwa kidogo sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya urani na radiamu huishia kwenye mizizi na majani na haifiki kwenye tunda. Pamoja na uchache wake, usizidharau. Kwa mtu mzima, bekereli moja ya poloniamu-210 ina athari karibu mara 190 ya bekereli moja ya potasiamu-40.

Kundi la tatu si la asili. Seziamu-137 ilisambazwa na majaribio ya silaha za nyuklia, kisha na ajali za Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011. Ikionekana kwenye kipimo chako, iandike peke yake. Usiijumlishe na mionzi ya asili.

2. Chagua kifaa kinachoweza kazi hii

Kihesabu cha Geiger cha mkononi hakifai kupimia juisi. Lita ya juisi yenye bekereli 60 za potasiamu-40 hutoa miale ya gamma sita tu kwa sekunde, nayo hutawanyika kila upande. Chembe zake za beta karibu zote humezwa na juisi yenyewe na ukuta wa chupa. Kitakachosomwa na kifaa juu ya chupa ni mionzi ya sakafu, kuta na anga. Anayetembeza kihesabu sokoni na kutangaza juisi fulani kuwa salama au hatari anawapotosha watu.

Kinachohitajika ni spektromita ya gamma, inayotambua nishati ya kila mwale na hivyo kutambua isotopi iliyoutoa. Kuna aina mbili za kawaida. Kigunduzi cha fuwele ya iodidi ya sodiamu ni cha bei nafuu na kinatosha kwa potasiamu-40, ila hakitenganishi vizuri nishati zinazokaribiana. Kigunduzi cha germaniamu safi hupozwa kwa naitrojeni ya majimaji au kwa umeme, ni ghali, lakini ndicho kinachostahili kuaminiwa kwa radiamu na wenzake. Vyote viwili lazima vikae ndani ya kinga nene ya risasi. Zege la ukuta lina potasiamu, na mwili wa mpimaji mwenyewe una bekereli zaidi ya 4,000 za potasiamu-40, nyingi kuliko za kreti nzima ya juisi.

Kama maabara yako haina spektromita, ipo njia ya kikemia: pima potasiamu kwa fotomita ya mwale wa moto, kisha zidisha gramu kwa 31. Kwa potasiamu-40 pekee, njia hii ni ya haraka na sahihi, na hata penye spektromita ni jibu la pili la kuhakikishia la kwanza.

3. Andaa sampuli bila kuiharibu

Nunua au chukua sampuli kutoka matoleo tofauti ya bidhaa moja, angalau matatu. Andika namba ya toleo, tarehe, asilimia ya tunda na, kama juisi imetengenezwa mtaani, chanzo cha maji yaliyotumika. Tikisa kabla ya kumimina na usichuje: madini yaliyoshikamana na nyama ya tunda ni sehemu ya kinywaji. Mimina kwenye chombo cha Marinelli cha lita moja, kile chenye shimo katikati kinachokikumbatia kigunduzi, na ujaze hadi alama ileile kila mara.

Hapa juisi inatofautiana na maji, na wengi hukosea. Ili kupima radiamu-226, vitabu vinakuagiza ufunge chombo kabisa kwa wiki nne hivi, gesi ya radoni-222 yenye nusu-maisha ya siku 3.8 ipate kujikusanya na kulingana na radiamu iliyoizaa. Maji yatakaa wiki nne bila shida. Juisi itachacha, itatoa gesi, itavimbisha kifuniko na kuvujisha radoni ileile uliyokuwa ukiilinda. Matokeo yake ni radiamu pungufu kuliko iliyopo. Kwa hiyo:

- Ukitafuta potasiamu-40 pekee, pima juisi mbichi mara moja. Haihitaji kusubiri.
- Ukitafuta radiamu, kausha lita kadhaa kwa joto la polepole, kisha choma kwenye tanuri lisilozidi nyuzi 450 za Selsiasi hadi majivu. Lita moja itabaki gramu chache tu. Funga majivu hayo kwenye kikopo kisichopitisha hewa, ndipo usubiri wiki nne.
- Ukitafuta poloniamu-210, usichome hata kidogo, kwa sababu hutoroka na joto. Yeyusha sampuli kwa asidi ya naitriki, weka poloniamu-209 ya kiasi kinachojulikana kama kifuatilizi, kisha pachika poloniamu kwenye kisahani cha fedha na upime kwa spektromita ya alfa. Rekebisha kwa tarehe, maana nusu-maisha yake ni siku 138.

4. Pima na ukokotoe

Anza na kipimo tupu: chombo kilekile, kimejazwa maji yaliyotoneshwa, kwa muda uleule. Usitumie chombo kitupu, kwa kuwa maji huzuia sehemu ya mionzi ya nje kama juisi itakavyoizuia.

Kisha tafuta ufanisi wa kigunduzi. Kwa potasiamu-40 kuna kiwango cha rejea kinachoweza kutengenezwa na maabara yoyote ya chuo. Kloridi ya potasiamu safi ina potasiamu asilimia 52.4, hivyo gramu moja ina bekereli 16 hivi. Yeyusha gramu 10 katika maji yaliyotoneshwa hadi ujazo ufike lita moja, na utakuwa na kimiminika cha bekereli 160 hivi kwa lita, chenye uzito unaokaribia ule wa juisi. Kwa isotopi nyingine tumia vyanzo vya rejea vyenye cheti.

Mistari ya kuangalia ni hii, kwa kilo-elektronivolti (keV): potasiamu-40 kwenye 1461, watoto wa radiamu-226 kwenye 352 na 609, watoto wa thoriamu-232 kwenye 239, 583 na 911, seziamu-137 kwenye 662. Jihadhari na 1461: aktiniamu-228, mtoto wa thoriamu, ana mstari wa 1459 unaoweza kuongeza potasiamu ambayo haipo.

Kokotoa hivi: gawanya hesabu halisi, yaani zile za sampuli ukitoa za kipimo tupu, kwa zao la ufanisi, uwezekano wa kutoa gamma, sekunde za kupima na ujazo kwa lita. Tuseme ufanisi ni 0.015, uwezekano wa gamma kwa potasiamu-40 ni 0.107, umepima sekunde 86,400, yaani saa 24, ujazo ni lita moja, na hesabu halisi ni 8,320. Jibu ni bekereli 60 kwa lita. Linganisha na potasiamu iliyopimwa kwa kemia. Majibu mawili yakipishana sana, usitangaze lolote mpaka ujue kwa nini.

Andika kila jibu pamoja na utata wake na kikomo cha ugunduzi cha kifaa chako. Isotopi isiyoonekana si sifuri. Ni "chini ya" kikomo hicho. Na usitafute wastani kwa sampuli zilizoonekana pekee huku ukizitupa zisizoonekana, kwani wastani huo utakuwa mkubwa kuliko ukweli.

5. Geuza bekereli kuwa dozi

Bekereli huhesabu mimeguko. Siverti hupima athari mwilini. Zidisha bekereli kwa lita, lita kwa mwaka, na kizidishi cha isotopi na umri. Vizidishi vya Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi kwa mtu mzima, kwa maikrosiverti kwa bekereli moja, ni: potasiamu-40 0.0062, radiamu-226 0.28, radiamu-228 na risasi-210 0.69 kila moja, poloniamu-210 1.2. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili hupanda: potasiamu-40 0.042, radiamu-226 0.96, radiamu-228 5.7, poloniamu-210 8.8.

Tazama mifano miwili. Mtu mzima anakunywa glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa kila siku, lita 91 kwa mwaka. Kwa bekereli 62 kwa lita, anapata maikrosiverti 35, yaani milisiverti 0.035. Wastani wa mionzi ya asili anayopata binadamu kwa mwaka ni milisiverti 2.4.

Sasa mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapewa nusu lita kwa siku ya kinywaji kilichochanganywa na maji ya kisima chenye radiamu-228 ya bekereli 0.5 kwa lita. Kwa mwaka anameza bekereli 91 hivi, na dozi yake ni maikrosiverti 520, milisiverti 0.52. Namba ya bekereli kwa lita ni ndogo mara 124 kuliko ya machungwa, lakini dozi ni kubwa karibu mara 15. Shirika la Afya Duniani limeweka kigezo cha milisiverti 0.1 kwa mwaka kwa maji ya kunywa. Kisima hicho kimekivuka. Hiyo si sababu ya kukimbilia hospitali. Ni sababu ya kubadilisha chanzo cha maji au kuyasafisha.

6. Maana yake kwa afya

Hata zile maikrosiverti 35 za potasiamu-40 haziongezeki mwilini kama hesabu inavyoonyesha. Mwili hudhibiti potasiamu yake kama mtungi uliojaa: ukiongeza maji, yanayozidi humwagika. Figo hutoa ziada kwa mkojo, na kiasi kinachobaki ni kilekile, gramu 140 hivi kwa mtu mzima wa kilo 70. Kiasi hicho humpa dozi ya takribani milisiverti 0.17 kwa mwaka, anywe juisi au asinywe. Kuacha matunda kwa kuogopa potasiamu-40 ni kupoteza lishe bila kupunguza mionzi.

Hatari halisi ya kunywa mionzi inajulikana, na historia imeirekodi. Miaka ya 1920 nchini Marekani iliuzwa dawa ya chupa iitwayo Radithor, maji yaliyotiwa radiamu makusudi. Chupa moja ilikuwa na takribani bekereli 37,000 za radiamu-226 na nyingine kama hizo za radiamu-228. Kwa vizidishi vya leo, hiyo ni dozi ya milisiverti 36 kwa chupa moja, mara elfu moja ya juisi yako ya mwaka mzima. Tajiri Eben Byers aliinywa kwa miaka kadhaa. Mifupa ya taya lake iliharibika, na alifariki mwaka 1932. Radiamu hufanana kikemia na kalisi, kwa hiyo hujenga makazi mifupani. Ndiyo sababu tunaisaka hata ikiwa chembe, na potasiamu tunaiacha ipite.

Yapo mambo ya juisi yanayostahili hofu yako zaidi. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa anaweza kudhurika na potasiamu yenyewe, si kwa mionzi bali kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Afuate kipimo alichopewa na daktari. Sukari ya juisi, hata ya tunda halisi, Shirika la Afya Duniani huihesabu pamoja na sukari zinazopaswa kuwa chini ya asilimia 10 ya nishati ya mlo. Mtoto chini ya mwaka mmoja hahitaji juisi kabisa. Na maji au barafu visivyo salama huleta kipindupindu na homa ya matumbo ndani ya siku au wiki chache, si miaka.

7. Mitego ya kuangalia kwenye ripoti

Kwanza, kutumia kigezo cha maji kwa juisi. Mwongozo wa maji ya kunywa wa Shirika la Afya Duniani una kiwango cha uchunguzi wa awali cha bekereli 1 kwa lita kwa beta yote na 0.5 kwa alfa yote. Kila juisi halisi itavuka kile cha beta kwa sababu ya potasiamu. Hata kwa maji, ukivuka kiwango unatakiwa kwanza uondoe mchango wa potasiamu-40. Ripoti isiyofanya hivyo imetishia watu bure.

Pili, kutumia "radiamu sawia" na kikomo cha bekereli 370 kwa kilo. Kipimo hicho kilibuniwa kwa matofali, saruji na kokoto, kulinda wakazi dhidi ya gamma ya kuta. Hakuna anayeishi ndani ya juisi. Ukikikuta kwenye tasnifu ya vyakula, kiondoe.

Tatu, "hatari ya saratani ya maisha yote" iliyokokotolewa kwa kuzidisha dozi ya potasiamu-40 kwa miaka 70. Kwa kuwa mwili haulimbikizi potasiamu, hesabu hiyo inatoa namba yenye sura ya uhakika na isiyo na maana. Kokotoa kwa radiamu, risasi na poloniamu peke yake, na utaje utata wake.

Nne, kuchanganya na vikomo vya ajali. Kanuni za kimataifa za chakula za Codex zina kiwango cha bekereli 1,000 kwa kilo kwa seziamu-137 katika chakula kilichochafuliwa na dharura ya nyuklia. Kiwango hicho hakikuwekewa potasiamu-40, wala hakikuruhusu mtu kuchafua chakula hadi kukifikia.

8. La kufanya mahali ulipo

Nguvu zako za upimaji zielekeze kwenye maji. Afrika Mashariki ina maeneo yenye miamba ya urani au thoriamu nyingi kuliko kawaida: Mrima Hill katika Kaunti ya Kwale, Kenya; na kwa Tanzania, fosfeti ya Minjingu mkoani Manyara, pamoja na akiba za urani za Bahi, Manyoni na Mto Mkuju, Namtumbo. Anayetengeneza juisi kwa maji ya kisima katika maeneo kama hayo apime maji hayo kwanza, kabla ya tunda. Kuchemsha huondoa radoni na kuua vijidudu, lakini radiamu na urani hubaki, tena kwa mkusanyiko mkubwa zaidi maji yanapopungua. Mitambo ya osmosisi kinyume na ile ya kubadilishana ayoni huziondoa.

Osha matunda vizuri kabla ya kukamua, kwa sababu vumbi la udongo na risasi-210 inayodondoka kutoka angani hukaa kwenye ganda. Kwa Tanzania, upimaji wa mionzi kwenye vyakula ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye maabara Arusha; kwa Kenya, Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ndiyo yenye dhamana. Ukipeleka sampuli, usiombe tu cheti cha "salama". Omba bekereli kwa lita za kila isotopi, utata wa kila jibu, na kikomo cha ugunduzi.

Kwa mwanafunzi na mwandishi wa habari, ombi langu ni hili: msichapishe bekereli za juisi bila kutaja potasiamu-40 imechangia kiasi gani. Na kwa mzazi: mpe mwanao tunda lililooshwa, kwa maji uliyoyahakikisha. Bekereli za potasiamu zilizomo ndani yake si za kumwogopea.